Tathmini: adapta ya USB ya waya wa mtandao, kwa kazi ya kutafuta hitilafu kwenye kompyuta mpya

Kifaa ninachokitathmini hapa ni adapta ndogo inayochomekwa kwenye tundu la USB kwa upande mmoja na kupokea waya wa mtandao kwa upande wa pili, yenye chipu ya Realtek RTL8153 ndani yake, iliyonunuliwa Kariakoo kwa bei ambayo haikufika shilingi 50,000. Jina lililochapishwa kwenye boksi si la kampuni inayojulikana, na sitalitaja, kwa kuwa adapta hiyo hiyo huuzwa kwa majina mengi na kinachohesabika ni chipu iliyomo. Watu wengi huinunua kwa ajili ya kompyuta mpakato nyembamba zisizokuwa na tundu la waya, na kwa matumizi hayo hakuna mengi ya kusema: inafanya kazi. Tathmini hii inahusu kazi nyingine ambayo boksi halikuitaja, yaani kutafuta kiini cha hitilafu pale kompyuta ya mezani, iliyoundwa kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja, inapokataa kupata intaneti kwa waya. Kwa kazi hiyo naiona kuwa na manufaa kuliko kipuri kingine chochote cha bei yake, ingawa ina kasoro ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua kabla hajatoa fedha.

Ugumu wa kompyuta mpya ni kwamba haina jana. Mashine iliyokuwa ikiperuzi vizuri jioni na kukatika asubuhi inakuachia pa kuanzia, kwa sababu unajua kwamba jana kila kitu kilikuwa sawa na unachotafuta ni kilichobadilika. Mashine iliyowashwa leo kwa mara ya kwanza haijawahi kuthibitisha chochote: huenda Windows haina draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya chipu ya mtandao, huenda tundu limezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta inayotangulia Windows), huenda ubao mama, yaani motherboard, una kasoro ya kiwandani, huenda waya uliobanwa dukani haukubanwa sawasawa, huenda swichi (kisanduku kinachogawa mtandao kwa nyaya kadhaa), ruta au mtoa huduma mwenyewe ndiye mwenye tatizo. Kila mhusika ana jibu lake tayari mdomoni. Fundi wa faiba hufika, huunganisha simu yake kwenye Wi-Fi, hufungua ukurasa mmoja na kusema, "Huku kwetu kuko sawa, bosi, angalia mashine yako." Muuzaji wa ubao mama naye, ukimpigia simu, husema ameuza mbao za aina hiyo nyingi na haujarudi hata mmoja, kwa hiyo uangalie laini yako. Wote wawili huweza kuwa wanasema kweli kwa kadiri ya walichokiona, na mwenye kompyuta hubaki katikati bila ushahidi.

Adapta hii ndiyo inayoleta ushahidi huo, na namna ya kuitumia haihitaji ufundi mkubwa. Unauchomoa waya kwenye tundu la ubao mama, unauchomeka kwenye adapta, na adapta unaichomeka kwenye tundu la USB la kompyuta hiyo hiyo, bila kugusa kitu kingine chochote. Waya ni ule ule, ruta ni ile ile, Windows ni ile ile; kilichobadilika ni tundu la mtandao na draiva yake peke yake. Intaneti ikipatikana, basi waya, swichi, ruta na mtoa huduma wote wametoka lawamani kwa mpigo, na kazi iliyobaki ni ya ndani ya kompyuta. Isipopatikana, tundu la ubao mama linapata nafuu ya kudhaniwa kuwa zima, na unaanza kutazama nje. Simu yenye bando iliyounganishwa kwa USB nayo huipa kompyuta intaneti, na kwa kupakua draiva inatosha kabisa, lakini haikuambii lolote kuhusu waya uliotandazwa ukutani, kwa kuwa haukupita humo.

Sababu ya kusisitiza chipu ya RTL8153 ni draiva. Kifaa cha kutafutia hitilafu ya intaneti ambacho chenyewe kinahitaji intaneti ili kifanye kazi hakina maana, na adapta nyingi za bei ya chini huja na kisahani cha CD chenye draiva, wakati kompyuta nyingi zinazoundwa siku hizi hazina hata pa kukiweka. (Hata watengenezaji wa mbao mama waliendelea kwa miaka mingi kutia DVD ya draiva kwenye boksi, na nadhani wapo mafundi waliozigeuza kuwa vitisho vya ndege shambani.) Draiva ya RTL8153 imo ndani ya Windows 10 na Windows 11 zenyewe, na upande wa Linux imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, kwa jina la r8152. Unaichomeka, taa inawaka, na kompyuta inaitambua bila kuuliza kitu.

Jambo hilo lina uzito zaidi tangu Windows 11 toleo la 22H2 la mwaka 2022, ambapo mchakato wa kuanzisha kompyuta mpya, hata kwenye toleo la Pro kwa matumizi binafsi, hudai muunganisho wa intaneti kabla haujakuruhusu kufika kwenye eneo la kazi. Hapo hutokea kitanzi kinachowachosha wengi: kompyuta inataka intaneti ili imalize kujisimika, na intaneti inataka draiva ambayo huwezi kuipakua mpaka kompyuta ijisimike. Mbao mama nyingi za sasa zina tundu la gigabiti 2.5 kwa sekunde, likiwa na chipu kama Intel I225-V au I226-V, au Realtek RTL8125, na flashi ya kusimikia Windows iliyotengenezwa zamani kidogo huenda haina draiva zake. Kwenye mashine niliyomuundia mpwa wangu hali ilikuwa hiyo hasa. Skrini ya kutafuta mtandao ilikaa tupu, waya ukiwa umechomekwa vizuri. Nilipouhamishia kwenye adapta, neno la kwamba mtandao umeunganishwa lilitokea kabla sijauondoa mkono wangu, na usimikaji ukaendelea hadi mwisho. Baadaye, kwenye orodha ya vifaa vya Windows, kidhibiti cha Ethernet cha ubao mama kilionekana na alama ya njano; draiva yake ilipakuliwa kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao kwa kupitia adapta hiyo hiyo, na tundu likafufuka. Kama ningemsikiliza muuzaji, tungekuwa tumemwita tena fundi wa faiba kwa tatizo ambalo halikuwa lake.

Si kila mara jibu huwa draiva. Kuna kompyuta nyingine, ya jirani aliyejiundia mwenyewe kwa ustadi wa kutosha, ambayo adapta ilipata intaneti mara moja lakini tundu la ubao mama halikuonyesha hata taa, ilhali draiva ilikuwa mahali pake na BIOS ilionyesha kwamba kidhibiti cha mtandao kimewezeshwa. Kwa kuwa waya ulikuwa umeshatolewa lawamani, macho yalirudi kwenye tundu lenyewe, na tochi ya simu ikamaliza ubishi. Nyuma ya kasha la kompyuta hupachikwa bati jembamba lenye mianya ya matundu, na kwenye baadhi ya mabati hayo kila mwanya una ndimi ndogo za chuma zinazopaswa kukaa juu ya fremu ya tundu na kuigusa kwa nje. Ubao mama ulipokuwa ukiingizwa, ulimi mmoja ulikuwa umejikunja na kuingia ndani ya tundu la mtandao, ukalala kando ya zile pini nane za rangi ya dhahabu. Kichwa cha waya kiliingia, lakini hakikutoa ule mlio mdogo wa kushika, na ukikivuta kidogo tu kilitoka. Anayetazama kutoka mbele ya meza asingeliona jambo hilo kamwe. Dawa yake ni kuzima kompyuta, kuchomoa umeme, kulegeza skrubu za ubao, kuurudisha nyuma na kuunyoosha ulimi huo. Kuuchokoa kwa bisibisi ilhali umeme umo ni njia ya uhakika ya kuliua tundu.

Kundi la tatu la matatizo ya ndani ndilo gumu zaidi kulibaini bila kifaa cha kulinganishia, nalo ni muunganisho unaokuja na kuondoka. Chipu ya Intel I225-V, kwa mfano, katika toleo lake la mwanzo ilikuwa na dosari ya nafasi kati ya pakiti moja (yaani fungu la data) na nyingine, dosari ambayo Intel yenyewe iliikiri mwaka 2020, na dalili yake ilikuwa pakiti kupotea na kasi kuanguka inapounganishwa kwa gigabiti 2.5 na baadhi ya ruta na swichi. Kuna pia utaratibu wa kupunguza matumizi ya umeme unaoitwa Energy Efficient Ethernet, uliowekwa kwenye kiwango cha IEEE 802.3az cha mwaka 2010, ambao kwa baadhi ya vifaa hulala na kuchelewa kuamka, na mtumiaji akaona mtandao umekatika kwa sekunde chache. Ukiacha kompyuta ipakue faili kubwa kupitia adapta na mtandao usikatike, kisha ukairudisha kwenye tundu la ubao mama na ukakatika, una sababu nzuri ya kuingia kwenye mipangilio ya kidhibiti, kuzima utaratibu huo wa umeme, na kama haitoshi kulazimisha kasi ya gigabiti 1 badala ya 2.5. Kwa anayelipia laini ya megabiti mia moja au mia mbili, hasara ya kushusha kasi ya tundu haipo kabisa.

Sasa nigeukie upande wa nje, pale ambapo adapta nayo inakosa intaneti. Hapa kazi yake inakuwa kusoma dalili, na Windows inazitoa kwa amri ya ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani kutoka kwenye ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kwa hiyo tatizo liko kwenye waya, kwenye swichi, au kwenye ruta iliyoacha kugawa anwani. Anwani ikiwa ya kawaida, tuseme inaanza na 192.168, ruta imejibu, na hatua inayofuata ni kuipigia ruta yenyewe kwa amri ya ping, inayouliza kama kifaa kinajibu, kisha kuipigia 8.8.8.8, anwani ya Google iliyoko nje. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, tatizo limevuka ukuta wa nyumba na sasa una haki ya kumpigia mtoa huduma ukiwa na maneno ya kusema. Zikijibu zote mbili lakini kivinjari hakifungui kurasa, shuku kwanza DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), halafu tazama saa.

Nasema saa kwa makusudi, kwa sababu ni jambo la kompyuta mpya ambalo wengi hulipita. Ubao mama uliokaa ghalani muda mrefu huweza kuwa na betri ya CR2032 iliyochoka, na kompyuta ikawaka ikidhani kwamba ni mwaka uliokwisha kupita zamani. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kivinjari kikiona kwamba cheti bado hakijaanza kutumika, kinakataa kufungua ukurasa na kutoa onyo la usalama. Mwenye kompyuta huona tu kwamba "mtandao haufanyi kazi", kumbe mtandao ni mzima na kalenda ndiyo iliyokosea. Adapta hapa itakuonyesha dalili zile zile kama tundu la ubao mama, na mfanano huo ndio unaokuelekeza kwamba kosa liko kwenye mfumo, si kwenye tundu wala waya.

Sehemu iliyonivutia zaidi katika kuitumia adapta hii ni ile ya nyaya, pengine kwa kuwa hapa kwetu waya wa mtandao mara nyingi hununuliwa kwa mita na kubanwa vichwa papo hapo dukani, huku mteja akisimama pembeni. Waya wa mtandao una jozi nne, yaani nyuzi nane. Mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, zile zinazoishia kwenye pini ya 1, 2, 3 na 6, wakati mtandao wa gigabiti, uliowekewa kiwango cha IEEE 802.3ab mwaka 1999, huhitaji jozi zote nne. Kwa hiyo uzi mmoja wa kahawia au wa buluu usiogusa pini yake vizuri hauzimi intaneti. Unaishusha kimya kimya hadi megabiti 100, na hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini. Mtu aliyelipia megabiti 200 anapima kasi, anapata 94 au 95, anapima tena usiku wa manane, anapata hiyo hiyo, na kumlaumu mtoa huduma kwa kumpunja. Namba hiyo kuganda chini kidogo ya 100 wakati wote ni dalili ya wazi. Msongamano wa watumiaji hupanda na kushuka kwa saa. Hauwezi kusimama mahali pamoja namna hiyo.

Hapo adapta hufanya kazi nzuri kwa sababu hali ya muunganisho inasomeka kwenye mipangilio ya Windows: 1000 au 100. Tundu la ubao mama likionyesha 100 na adapta ikaonyesha 100 kwa waya huo huo, waya ndio wa kushukiwa. Adapta ikionyesha 1000, shuku tundu. Kwenye ofisi ndogo ya uchapishaji tulikuta kompyuta mpya ikigoma kuvuka 95, na adapta nayo ikaganda hapo hapo. Kwa waya mfupi wa kiwandani, ulionyooshwa sakafuni kutoka kwenye ruta, adapta na tundu la ubao mama vyote vikaonyesha 1000. Waya wa zamani ulipokatwa kichwa, nyuzi zilikuwa zimepangwa kwa rangi sawasawa, nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Lakini uzi wa mwisho ulikuwa umeishia nusu njia, haukufika mwisho wa kichwa, na jino la pini lilikuwa limeuma plastiki tupu. Ukikwangua nyuzi hizo kwa wembe, ndani zilikuwa nyeupe kama fedha. Hizo ni nyuzi za alumini zilizopakwa shaba juu, ambazo zina ukinzani mkubwa kuliko shaba tupu, hukatika upesi zikikunjwa, na hazikidhi viwango vya Cat5e wala Cat6 hata kama maandishi hayo yamepigwa chapa kwenye ganda. Kwa mita mbili tatu zinaweza kukuvumilia. Kwa waya unaopanda dari na kushuka chumba cha pili, nisingezitumia.

Kile kipimaji cha nyaya chenye taa nane, ambacho mafundi wengi wanacho mfukoni, kingeubaini uzi uliokatika upesi kuliko adapta, na bei yake ni ndogo zaidi. Ila kipimaji hicho kinakuambia tu kwamba uzi umefika upande wa pili. Hakikuambii kama waya huo utabeba gigabiti, na taa zote nane huweza kuwaka kwa utaratibu mzuri kwenye waya unaopoteza pakiti. Fundi ambaye anafanya kazi hii kila wiki anafaa kuwa na vyote viwili. Mwenye kompyuta moja nyumbani anaweza kuishi na adapta peke yake.

Nije kwenye kasoro. Ya kwanza ni joto: ikipakua kwa kasi kubwa kwa muda, ganda lake la plastiki hupata moto kiasi cha kuusikia vizuri ukiishika, na ingawa haijawahi kuzima mikononi mwangu, nisingeifunika kwa vitabu. Ya pili ni mkia wake wa USB, ambao ni mfupi na haubadilishwi. Kwenye kompyuta ya mezani yenye matundu ya nyuma, adapta huning'inia hewani ikivutwa na uzito wa waya wa mtandao, na pale mkia unapoingia kwenye ganda ndipo patakapokatika siku moja. Taa zake mbili ni kali mno kwa chumba cha kulala, na karatasi ya maelezo haisemi ipi inamaanisha nini. Boksi linajisifu kwa gigabiti bila kutaja kwamba ahadi hiyo inatimia kwenye tundu la USB 3.0 pekee. USB 2.0 ina kikomo cha nadharia cha megabiti 480, na kwa uhalisia utapata karibu 300, kwa hiyo anayeichomeka kwenye tundu la mbele ya kasha ambalo ni la USB 2.0 atapima kasi, ataona upungufu, na ataanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Kwenye tundu sahihi hufika karibu 940, ambacho ndicho kiwango halisi cha mtandao wa gigabiti.

Kasoro nyingine haitokani na utengenezaji bali na asili ya kifaa. Kila kidhibiti cha mtandao kina anwani yake ya kudumu, ile ya MAC, na ya adapta si ya tundu la ubao mama. Katika nyumba nyingi hilo halina athari, lakini zipo ofisi, hosteli na hata watoa huduma wanaosajili anwani hizo na kuruhusu zile wanazozijua tu. Mahali kama hapo adapta itakosa intaneti hata kama waya ni mzima, na mtu asiyejua hilo atauhukumu waya bure. Ukiwa eneo la namna hiyo, omba anwani ya adapta isajiliwe kwanza ndipo uiamini kama shahidi. Kinyume chake pia hutokea: kompyuta mpya kuchukua nafasi ya ya zamani, yenye anwani iliyosajiliwa, ikanyimwa mtandao huku kila kipuri kikiwa kizima.

Kuhusu bandia, mnunuzi awe makini. Sokoni zimejaa adapta za bei ya kutupa, za plastiki ya buluu au nyeupe, zilizoandikwa USB 2.0 na gigabiti kwa pamoja, ambazo ndani zina chipu za kizamani za USB 1.1 zisizovuka megabiti 12 kwa sekunde. Baadhi yake huja zote na anwani moja ya MAC, hivyo mbili zikikutana kwenye mtandao mmoja zinagombana. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yenye Windows, fungua sifa za kifaa kwenye orodha ya vifaa, na utafute namba za utambulisho. RTL8153 halisi huonyesha VID_0BDA na PID_8153. Ukiona PID_8152, hiyo ni ndugu yake ya megabiti 100, ambayo itakupa intaneti lakini haitakusaidia katika suala la nyaya nililolieleza juu. Muuzaji anayekataa kuichomeka amekurahisishia uamuzi.

Kama mbadala wa kudumu wa tundu lililokufa, labda baada ya radi ya masika kupita kwenye waya mrefu uliounganisha nyumba mbili, adapta inaweza kukusogeza, na kwa matumizi ya kawaida hutaona tofauti. Hata hivyo, kompyuta ya mezani ina nafasi za PCIe, na kadi ya mtandao ya kuchomeka humo itakaa salama ndani ya kasha bila kung'olewa na mguu wa mtu. Ukiitumia adapta kwa muda mrefu, ingia kwenye sifa zake na uondoe ruhusa ya kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme, la sivyo huenda mtandao usirudi baada ya kompyuta kulala.

Asiyeipata yenye RTL8153 anaweza kutafuta yenye chipu ya ASIX AX88179, ambayo nayo ni ya gigabiti kwa USB 3.0. Mwenye ruta na swichi za gigabiti 2.5, na anayetaka kulipima tundu la ubao wake kwa kasi hiyo hiyo, atahitaji adapta yenye RTL8156, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Kwa laini za intaneti ambazo wengi wetu tunazilipia majumbani, fedha hizo za ziada ni bora ziende kwenye waya wa shaba tupu.